Mkanda wa Kete wa Bi Raya

Bi Raya tumemzika hapa Ibra, Omani, mwaka huu, kabla joto halijaanza kuuma. Watu wa matanga walipokwisha kuondoka, Ami Nasor alinipa ufunguo wa sanduku la mkewe. "Wanangu wanaume, hawajui chochote," aliniambia. "Wewe ndo uliyekuwa ukilipekua toka mdogo. Lifungue wewe, mimi siwezi." Nikalifungua. Harufu iliyotoka ndani ilikuwa ileile: sufu ya kondoo, vidonge vya nondo, na majani fulani makavu ambayo mpaka leo sijui yanaitwaje kwa lugha yoyote. Hamkuwa na kitu cha thamani. Sweta ambalo Ibra halikuwahi kuvaliwa hata siku moja, picha mbili tatu, na kanga ya marehemu Bibi yangu, imekunjwa na kufungwa kama bahasha, ndani yake hamna kitu. Mimi mtu mzima na miwani yangu nikakaa chini sakafuni nikalia. Kijana wangu akachungulia mlangoni, akaniuliza kwa Kiarabu kama nimeumia mguu.

Nilimwambia sikuumia. Kumweleza zaidi nilishindwa, maana ningemweleza nini na kwa lugha ipi? Kwa hivyo naandika, na nawaandikia khasa nyinyi wenzangu tuliolelewa katika majumba yale ya Kiswahili ndani ya miji ya Kiarabu. Nyinyi hamhitaji kufafanuliwa kila kitu.

Bi Raya alikuwa mke wa ami yangu, na hakuwa wa hapa wala wa Unguja. Ami Nasor, mdogo wake baba, alipelekwa Urusi kusomea udaktari wa mifugo. Wenziwe walirudi na cheti na koti zito. Yeye alirudi na cheti, koti na Raya. Naye Raya hakupenda kuitwa Mrusi. Watu wake ni Wamordva, alikuwa akisema, watu wa misitu, wenye lugha yao na nguo zao na nyimbo zao, na wanaopewa jina la wenzao kila wanapotoka nje ya kwao. Bibi alimwambia, "Hilo usitueleze sisi. Sisi Zanzibari tukiitwa Waarabu, na Omani tunaitwa Wazanzibari." Wakaelewana hapo hapo.

Jina lilikuwa lake la kuzaliwa. Kwetu, Raya ni jina la nyumba kwa nyumba, kwa hivyo kabla watu hawajamwona, walikuwa wakiuliza huyo Raya binti wa nani, wa Nizwa au wa Al Hamra. Akitoka mlangoni na macho yake ya kijivu, maswali yakikatika.

Nyumbani tukisema Kiswahili tu. Bibi alitoka Unguja mjini akiwa na watoto wake na Kiswahili chake, na Kiarabu cha Ibra alijifunza kiasi cha kununulia samaki. Raya alipofika aliwekwa jikoni pamoja na Bibi na mama yangu, akasikia wanavyozungumza, akadhani hiyo ndiyo lugha ya nchi. Akaishika kwa bidii, wallahi, mpaka methali. Siku ya kwanza alipopelekwa soko la wanawake, lile la Jumatano, alirudi amenuna, akautua mkoba wake mezani. "Bi Zuwena," akamwambia Bibi, "mbona sokoni hawasemi lugha yetu?" Mama alilazimika kutoka nje kwenda kucheka.

Mmeona alivyomwita Bibi? Bi Zuwena. Mke wa mtu humwita mama mkwe wake mama, hilo halina mjadala, na mashoga wa Bibi walikuwa wakilitia ulimini kila wakija kunywa kahawa. Lakini Raya aliposema mama alikuwa akimkusudia mmoja tu, aliye mbali, mwenye kutuma picha zake akiwa amesimama kwenye theluji na kitambaa cheupe kichwani. Bibi akiwanyamazisha mashoga zake. "Mwacheni," akisema. "Mama yake yuko hai. Mtu hatiwi mama wa pili mdomoni kwa nguvu."

Kilichowaunganisha ilikuwa sindano. Bibi akishona kofia, zile za mkono, vitobo juu ya vitobo, kazi inayokula macho. Raya alikaa pembeni yake siku moja, akachukua kipande, akashona. Bibi alikuwa na tabia moja ambayo mama yangu akiichukia: ukimpa kazi yako hakuitazama mbele. Aliigeuza, akaangalia mgongo wake, kule kwenye mafundo na uzi unaoruka. "Mbele kila mtu hujipamba," akisema. Akishaangalia mgongo, alitoa hukumu. Kazi mbaya aliirudisha bila ya neno. Kazi nzuri sana aliipa maneno mawili, si haba. Fundi hakumwita mtu, isipokuwa marehemu mama yake mwenyewe. Kipande cha Raya alikigeuza, akakipitisha kidole, akasema si haba. Mama yangu, aliyeolewa nyumba ile miaka na hajawahi kuyasikia maneno hayo, alikwenda kuosha vyombo kwa kelele.

Na mkanda sasa. Ulikuwa ndani ya sanduku, chini kabisa, na mimi ndiye niliyekuwa nikioneshwa siku Raya anapobadilisha majani. Kwao unaitwa pulai. Msiuwazie mkanda wa suruali. Ni kipande kigumu cha sufu, kipana, hufungwa kiunoni kikakaa nyuma, juu ya makalio, na kimejaa shanga nyekundu na za manjano, vifungo, vijinyororo vya shaba, na mistari ya kete, kete zilezile za pwani, na chini yake nyuzi ndefu nyeusi zinazoning'inia mpaka nyuma ya magoti. Mzito kama mtoto mchanga. Ukiuinua tu, unalia. Shaba inagonga shaba, kete zinagongana, na sauti yake haikufanana na kitu chochote cha Ibra isipokuwa kimoja.

Kimoja hicho ndicho kilichonipoteza. Ami Nasor akitibu ngamia na mbuzi, akizunguka na gari lake mpaka Bidiya, na siku za likizo akinichukua. Mbuzi wenye kupenda kupotea walikuwa wakivishwa kengele shingoni. Ami alinieleza mwenyewe: kengele ni ili mwenyewe amsikie, amfuate, ampate. Nami akili yangu ya kitoto ikafanya hesabu yake. Raya alikuwa msichana wa msituni, msitu una theluji, watu hupotea. Mama yake akamvisha mkanda wa kengele. Ami Nasor, ambaye kazi yake ni hiyo, akasikia, akafuata, akampata. Na sababu ya mkanda kukaa sandukuni ni kuwa Raya amekwishapatikana. Ilikuwa hadithi timamu kabisa, sikuona haja ya kumuuliza mtu.

Kisha mama yake Raya akafa. Ilikuwa kipindi chao cha baridi kali, na Raya alikuwa ametoka kujifungua, hawezi kusafiri. Alikaa chumbani, tukampelekea uji. Bibi aliingia, akamkalia kitandani, akamsugua mgongo.

Miezi ikapita, akapigiwa simu na dada yake. Simu yetu ilikuwa ukumbini, juu ya kimeza chenye kitambaa cha kufuma, na Raya alizungumza kwa lugha ya kwao kwa muda mrefu, huku ananitazama mimi bila ya kuniona. Alipoiweka chini alikwenda moja kwa moja sandukuni, akautoa mkanda, akaupeleka kwa Bibi. Mimi nyuma yake.

"Bi Zuwena, nina ombi."

"Sema, mwanangu."

Akamweleza. Kwenye mji mkuu wa mkoa wao kuna makumbusho ya sanaa, wanakusanya kazi za wasanii wa Kimordva: picha za rangi, vinyago vya mti, na sasa wanafungua chumba cha kazi za wanawake washonaji. Mama yake alishona maisha yake yote. Lakini nguo alizoshona nyengine zimeliwa na nondo, nyengine ziliuzwa siku za shida, na kilichobakia ni hiki kimoja, alichompa Raya siku anaondoka. Makumbusho wanakitaka. Wakikipata, wataandika jina la mama yake chini yake.

"Kaburi lake lina kibao cha mti tu," Raya alisema. "Mti utaoza. Nataka jina lake lisomwe mahali."

"Mumeo anasemaje?"

"Anasema mama yake akiridhia."

Bibi alipenda kuombwa ruhusa, tusimsingizie malaika. Akafuta mikono, akauvuta mkanda mapajani. "Ukivaliwa wapi?" akauliza.

"Kiunoni."

"Wanawake tu?"

"Wanawake tu. Msichana hapewi. Anapewa akishavunja ungo, siku hiyo hiyo."

Bibi akainua macho. Akayateremsha tena. Akaugusa kwa ncha ya kidole. "Na hulia hivi?"

"Akitembea tu, unalia," Raya akasema, na alikuwa akitabasamu, masikini, kwa kumkumbuka mama yake. "Mumewe anamjua anakuja kabla hajamwona."

"Astaghfirullah!" Bibi akachukua kanga iliyokuwa begani, akaufunika mkanda wote, haraka, kama aliyeona mtu yuko uchi. Akanitazama mimi, akatazama mlango kama Ami yupo, akamrudishia Raya furushi lake. "Rudisha ndani. Haya hayatundikwi."

"Lakini kwa nini, Bi Zuwena?"

"Nshasema. Siridhii. Khalas."

Raya hakubishana. Aliurudisha, akafunga sanduku, na tangu siku ile nyumba ikanyong'onyea. Kofia zilishonwa kimya. Raya alikuwa akisema naam na la, chakula anapika, shikamoo anatoa, lakini methali zikakoma. Bibi naye hakuwa na raha. Ami Nasor alijaribu kumuuliza mama yake, akafukuzwa kama kuku. "Wewe mwanamme, mambo haya hayakuhusu."

Mimi nilijua sababu, nilivyodhani. Pale soko la mifugo Ibra, mbuzi akiuzwa, mwenyewe humvua kengele yake kwanza, akaitia mfukoni, ndipo mbuzi akapandishwa gari la watu. Bibi alikuwa akimzuia Raya asiende zake, basi. Mkanda ukitoka, Raya naye katoka, na huko aendako hakuna atakayemsikia. Nikawa nalala vibaya. Nilimpenda Raya kuliko nilivyompenda mama yangu, na hilo sasa naweza kulisema kwa sababu mama mwenyewe akilijua na akinidhihaki kwalo.

Siku moja nikashindwa. Raya alikuwa anakunja nguo. Nikamuuliza, "Ukiutoa mkanda, utaufuata?"

"Nani kakwambia?"

"Na ukipotea, nani atakusikia?"

Nikamweleza yote, mbuzi na msitu na Ami anavyosikiliza. Alicheka mpaka nguo zikamwanguka, kisha kicheko kikageuka, akajifuta uso kwa dishidashi ya Ami. Akanikalisha. Akaniambia mkanda si kengele, ni pambo, na yeye hendi popote, mwanawe yuko hapa, mumewe yuko hapa. "Lakini Bibi yako kanikatalia na sijui nimemkosea nini. Hilo ndilo linaloniuma. Angenitukana ningejua."

"Mimi najua alivyosema," nikamwambia. Kwa kweli nilikuwa nimemsikia jikoni akimnong'oneza mama. "Alisema utunda wa maiti hautundikwi ukutani wanaume wakautazama."

"Utunda ni nini?"

Sikujua. Yeye, mwenye methali zote zile, hakujua. Nikasema ngoja nikamuulize mama, na nikaenda mbio, na mama alikuwa ukumbini na mashoga wawili wa Bibi na sinia la halua. Nikasimama katikati yao nikauliza kwa sauti yangu yote, "Mama, utunda nini? Bi Raya anataka kujua!"

Shoga mmoja alipaliwa na kahawa. Mama alinivuta kwa sikio mpaka uani, akanifinya mahali ambapo naweza kukuonesheni leo. "Mdomo wako! Nani kakufunza neno hilo?" Halafu akasita, mkono bado uko sikioni mwangu. "Anataka kujua? Kwani Raya hajui?"

Hapo ndipo mama yangu alipofahamu, na sifa zote za kisa hiki ni zake, ingawa alifinya. Maana nani angemwambia Raya? Mambo ya utunda, zile shanga ambazo mwanamke wa kwetu huvaa kiunoni, ndani, chini ya nguo zote, na asiyekuwa mumewe hazioni wala kuzisikia, mama mkwe hayasemi na mkwewe. Aibu. Hiyo ni kazi ya kungwi, anayekaa na biharusi kabla ya harusi. Raya aliolewa huko kwenye baridi, mbele ya karani, bila ya kungwi. Miaka yote ile kafunzwa kupika, kushona, kuomba dua, kutukana kwa adabu. Hilo moja lilibaki wazi, na hakuna aliyeona kuwa liko wazi.

Mama alikwenda chumbani kwa Raya, akafunga mlango, akanifungia nje. Nikatega sikio. Kwanza mnong'ono. Kisha Raya akapiga ukelele: "Mamangu wee! Bi Zuwena kadhani…?" na wote wawili wakaanguka kwa kicheko, nasikia kitanda kinalia. Baada ya hapo Raya akasema kitu kwa sauti ya chini, na mama akajibu, "Hapana, usimweleze. Atafedheheka. Mwoneshe."

Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, ukumbi ulikuwa umejaa mashoga wa Bibi. Mimi nilikuwa nimeambiwa nikae karibu na Bibi na nifunge mdomo. Tukausikia kabla hatujamwona. Ulitoka chumbani, ukapita ukumbi mdogo, shaba na kete, taratibu, kwa mpigo wa mtu anayetembea bila ya haraka. Wanawake wakaacha vikombe. Raya akaingia, amevaa kanzu nyeupe ya kwao, nene, ya mikono mirefu, imetariziwa nyekundu kifuani na kwenye mapindo, chini ya kanzu hiyo inaonekana nyengine, na kichwa amejifunga vizuri kuliko nusu ya waliokuwapo. Na juu ya yote hayo, nyuma, mbele za watu, mkanda. Akazunguka ukumbi mzima, akasimama mbele ya Bibi.

Bibi alimtazama juu mpaka chini. "Juu ya nguo?" akasema.

"Juu ya nguo, Bi Zuwena. Hivi hivi tunakwenda nao harusini na kisimani, baba zetu wanatuona. Kwetu kuna barafu. Nani atavaa shaba ndani?"

Lo! Shoga aliyepaliwa na kahawa akapaliwa tena. Mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakamfuata, na Bibi yangu, Bi Zuwena ambaye sikuwahi kumwona akicheka na meno, alijifunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika. Alipojifunua alikuwa mwekundu. "Na mimi nikamwita maiti wa watu hana haya," akasema. "Mola anisamehe. Uvue, hebu niuone."

Akaugeuza. Mnajua alipoangalia: mgongoni. Alipitisha kidole kila safu, fundo kwa fundo, ukumbi mzima unamngojea. "Si haba," akasema, na Raya akainamisha kichwa. Kisha Bibi akaona pengo. Kwenye mstari mmoja wa kete, tatu zilikuwa zimetoka, zimebakia nyuzi zake. Akanituma nimletee kikopo chake cha vifungo. Chini ya vifungo kulikuwa na kete alizoziokota Chwaka akiwa kigori, akavuka nazo bahari kwa sababu alipokuwa akifunga mizigo hazikuwa na uzito. Akachagua, akazipima pale kwenye pengo, zikalingana. Mashoga zake wakashangaa kete za pwani zilifikaje kwenye misitu ya watu. Raya akasema hata kwao hawajui, mama yake alizirithi kwa mama yake. Bibi akasema bahari ni moja, akatia uzi sindanoni.

Akazishona mwenyewe. Akaufukiza mkanda kwa udi, kama anavyofukizwa biharusi, pande zote mbili, mpaka harufu ya kondoo ikasalimu amri. Akaufunga ndani ya kanga yake, ileile aliyoufunikia kwa hasira. Halafu akatoa sharti, na sharti lile lilinichoma mimi.

"Haupelekwi kwa posta kama kifurushi cha viatu. Utaupeleka wewe, Raya, na mwanao mgongoni. Ukasimame alipo mama yako. Hukumzika. Nasor atakata tikiti."

Kwa hivyo kengele ikatoka na mbuzi akatoka nayo. Waliniambia atarudi, kila mmoja aliniambia, na mimi sikumsadiki hata mmoja. Kiangazi kile mitende ilizaa, tende zikachumwa, zikaanikwa, na mimi nikikaa ukumbini karibu na simu kama mlinzi. Bibi aliniona. "We mtoto, utaota mizizi," akasema. Lakini naye nilimwona akishona kofia ya Ami kwa uzi wa rangi ambayo siyo, akaifumua yote.

Siku ya kumpokea Raya, Bibi, ambaye hata Maskati hakupenda kwenda kwa ajili ya kona za barabara ya Wadi Al Aq, alikuwa wa kwanza kukaa garini. Mbele, na tasbihi. Mimi nilitapika palepale ninapotapika siku zote, akaninusisha ndimu. Uwanja wa ndege tukasimama kwenye kamba, watu wanatoka na mikokoteni, na mimi nikafumba macho nisikilize. Sikusikia kitu. Nilipoyafumbua, Raya alikuwa mbele yangu, kakonda, mtoto mgongoni, ananishika mashavu kwa mikono miwili. Akambusu Bibi mkono, Bibi akampokea mtoto. Hawakuambiana lolote la maana. Joto, ndege, mtoto kala nini.

Njiani kurudi tulivuka Bidbid, milima ikaanza kuwa myekundu. Bibi, bila ya kugeuza shingo, akauliza, "Wameutundika?"

"Wameutundika, mama."

Ami Nasor alimtazama kwenye kioo, akarudisha macho njiani. Bibi alivuta punje za tasbihi, moja, moja nyengine. Mimi nilikuwa nimelala mapajani mwa Raya, nikainua kichwa kumtazama.

"Na jina lake?"

"Liko chini, kwa herufi kubwa. Wameweka sanamu ya mwanamke ndani ya kioo, wameivika kanzu mbili, na mkanda juu. Mlinzi wa pale kaniuliza harufu hii ya nini, wameshindwa kuitoa."

"Wasiitoe," Bibi akasema. Kisha akauliza, polepole, "Na wanaume nao hupita hapo?"

"Hupita."

"Hutazama?"

"Hutazama, mama. Kuna mzee alisimama mpaka nikaona haya."

Bibi akaiweka tasbihi mapajani.

"Basi na watazame," akasema. "Mama yako alikuwa fundi."